Chausiku Hakusema Alhamisi

Guangzhou, China

Kwako kaka yangu Rajabu,

Shikamoo kaka. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na wifi Mwajuma na watoto, na kile kifua kilichokusumbua kipindi cha baridi kiwe kimekuachia. Mimi ni mzima wa mwili. Ghalani kazi ni ile ile, tunafunga mizigo ya wafanyabiashara kutoka nyumbani, vitenge, viatu, sufuria, vioo vya simu, mpaka vidole vinanuka gundi. Mvua ya huku hainyeshi ikaisha kama ya kwetu, inakaa siku tatu imening'inia hewani na nguo hazikauki. Lakini nakula, nalala, na sijaugua.

Utajiuliza kwa nini nimekuandikia karatasi wakati tuna simu. Asubuhi simu yako inapokelewa na wifi, jioni inaunganishwa na spika za kibanda. Ujumbe wa sauti niliokutumia siku ya Idi, Bi Zulfa aliusikia akiwa stendi akila mahindi. Ninachotaka kusema leo si cha spika. Huyo huyo Bi Zulfa, anayechukua vitenge huku na kuuza hapo sokoni Manundu, ndiye niliyempa bahasha hii akuletee mkononi. Nimeizungushia selotepu pande zote. Ukikuta imefunguliwa, nijulishe. Siku hizi simwamini mtu kirahisi, na nadhani ukifika mwisho utaelewa ugonjwa huu niliupata wapi.

Nitaanza mbali, hata kwa mambo unayoyajua, kwa sababu nataka uyaone yalivyokaa kwenye macho yangu.

Nilipotoka Misima kuja kukaa kwako Korogwe nilikuwa na miaka kumi na tisa. Ulikuwa umemuoa wifi hata mwaka haujaisha, na kibanda cha video kilikuwa cha baba mkwe wako. Mchana vijana walicheza gemu. Jioni uliwasha filamu, ukakaa pembeni na kipaza sauti, ukawatafsiria watu maneno ya Wachina na Wahindi. Mtaa mzima ulikuita Mkalimani. Mimi nilikaa mlangoni na beseni la karanga, jicho moja kwa wateja, jicho moja kwenye kioo.

Nilikuwa nawapenda wale wanawake, kaka. Wanaume wenye bunduki niliwaona wote sawa, ila wanawake nawakumbuka mmoja mmoja. Yule rubani mwenye jicho moja, aliyegeuza chombo chake angani akarudi kumchukua mama mkwe wake aliyekuwa anamchukia. Yule mchawi wa milimani aliyekataa kuwa kijana tena hata alipopewa dawa. Na kwenye gemu la kupigana nilichagua kila siku yule dada wa mikufu miwili, wenzako wakanicheka kwamba nachagua kwa sababu ya nguo zake. Niliwapiga wote na huyo huyo. Yule dada wa gemu hakuwa na maneno, alikuwa na mikono tu. Nikikumbuka leo, katika wote ni yeye peke yake ambaye hakuna mtu aliyemsemea.

Lakini niliyempenda kupita wote alikuwa Chausiku. Ndiyo jina ulilompa, binti wa upanga kwenye ule mfululizo mrefu wa Kichina, na ukaliandika kwa chaki kwenye ubao wa nje: LEO CHAUSIKU. Watu walijaa mpaka wengine wakasimama dirishani. Nilikuuliza mara moja unajuaje anachosema. Ukaniambia unasoma maandishi ya Kiingereza yanayopita chini. Nikaamini.

Sasa sikiliza kilichotokea huku.

Ghalani nakaa meza moja na mama wa Kichina anaitwa Mama Fen, mtu mzima, mcheshi, aliyenifundisha Kichina zaidi ya darasa. Saa ya chakula anasimamisha simu kwenye chupa ya chai na kuangalia michezo ya zamani. Siku moja akaniuliza, katika wanawake wote wa filamu wewe unampenda nani? Nikamweleza Chausiku, ule mto wa kwao, upanga wake, farasi wake mweupe. Akamtambua palepale. Akacheka mpaka akaweka vijiti chini.

"Huyo? Huyo mjinga? Anamlilia mume wake sehemu thelathini nzima!"

"Mume gani?" nikamuuliza. "Hakuolewa. Alivua pete kisimani akaondoka."

Mama Fen akanitazama kama mtu aliyekosea njia. "Aliolewa. Mume alikuwa mtu mwema. Alikufa akilinda daraja. Wewe uliangalia ipi?"

Nikadhani anachanganya. Kisha nikadhani ananidanganya ili anicheke, maana anapenda utani. Jioni nikautafuta mfululizo wenyewe, nikaupata, nikaenda moja kwa moja kwenye ile sehemu ya kisima. Unaikumbuka. Mchumba anakuja amechelewa, ana matope mpaka magotini, kesho yake ni harusi. Chausiku amekaa na ndoo.

Kwenye kibanda chako, kaka, pale Chausiku alisema hivi, na nayakumbuka neno kwa neno kwa sababu niliyabeba miaka tisa: "Mwanaume anayepotea kila Alhamisi ana nyumba nyingine. Nitamuuliza anakokwenda. Akitazama chini, navua pete."

Nikaisikiliza mwenyewe kwa masikio yangu. Mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Sikujiamini, nikampelekea mlinzi wa getini aniandikie anachosikia. Aliandika maneno mawili tu. Chausiku anamwambia mchumba wake: "Umechoka. Kaa." Kisha anamuosha miguu. Anavua pete kweli, lakini ni ili isianguke ndani ya ndoo.

Nilikaa kwenye ngazi za bweni na simu mkononi. Halafu neno moja likaanza kunikwaruza. Alhamisi. Watu wa kale wa kwenye filamu, wanaohesabu siku kwa mwezi, Alhamisi wameitoa wapi?

Hapo ndipo nilipomkumbuka Salimu vizuri, baada ya miaka mingi ya kujilazimisha kumsahau.

Salimu, fundi pikipiki wa Hale, rafiki yako wewe kabla hajawa mchumba wangu. Ulimleta mwenyewe nyumbani. Alikuwa mtu wa maneno machache, mikono yake haikuisha grisi hata siku ya kuleta barua ya posa. Na ni kweli kila Alhamisi alipotea. Mimi sikuwa nimeliona hilo. Nilikuwa binti mwenye furaha, sihesabu siku za mtu. Chausiku ndiye aliyeniambia nihesabu. Nikahesabu Alhamisi tatu, na zote tatu pikipiki yake haikuwepo Hale wala Korogwe.

Nikamuuliza nyuma ya kibanda, mchana, watu wakicheza gemu ndani.

"Salimu, kila Alhamisi unakwenda wapi?"

Akatazama chini.

"Nijibu."

"Kuna jambo si langu, Sauda," akasema. "Lingekuwa langu ningekuambia leo hii. Nivumilie kidogo."

"Una mwanamke?"

"Sina."

"Basi sema unakokwenda."

Hakusema. Nikavua pete nikaiweka juu ya tangi la pikipiki yake. Hakuichukua, ilianguka, akainama kuitafuta kwenye mchanga, na mimi nikaingia ndani kuuza karanga. Jioni ile ulinikuta nalia jikoni. Ulinishika bega ukasema, "Afadhali umejua mapema." Sikukuambia nilikuwa nimejua nini, kaka. Hukuniuliza.

Mwaka uliofuata wewe ndiye uliyenitafutia nafasi ya huku kupitia wateja wa mkweo. Ulinisindikiza mpaka ndani ya basi. Nilikuona wewe ni kaka asiye na mfano.

Niliposikia maneno ya kweli ya Chausiku, wazo langu la kwanza lilikuwa jema kwako. Nikajisemea, Rajabu alijua Salimu ana mwanamke mwingine, aliona aibu kumchoma rafiki yake, akaniambia kwa njia ya filamu. Nilikaribia kukupigia nikushukuru. Kilichonizuia ni kumbukumbu moja ndogo. Katika miaka hii yote, kila tukiongea kwa simu, lazima uulize mambo mawili: kama Salimu amenitafuta, na kama nimeongea na shangazi Mwanahija wa Mkumbara. La Salimu nililielewa, nikadhani unanilinda. La shangazi sikulielewa kamwe. Anauza machungwa kando ya barabara kuu. Ana nini cha kuniambia kinachokutia wasiwasi?

Nikampigia shangazi. Baada ya salamu nikamuuliza kama amewahi kumwona hapo kijana wa pikipiki kutoka Hale, miaka ile, siku za Alhamisi.

Alijibu haraka mno. Hakuuliza kijana gani.

"Yule aliyekuwa analeta mfuko? Alikuja sana. Hashuki hata. Anaweka mfuko mlangoni, anasalimia, anageuza pikipiki. Mara nyingi nilimpa chungwa, akalimenyea njiani."

"Mlango wa nani, shangazi?"

"Wa yule dada wa Kisambaa anayeshona. Ana binti."

"Binti ni wa huyo kijana?"

Nikasikia lori likipita upande wake.

"Sauda, mimi nimekaa na jambo hili kwa sababu hakuna aliyeniuliza. Leo umeniuliza. Yule mtoto jioni anakwenda kwa jirani mwenye televisheni. Wanaizima sauti, yeye anakaa mbele na kuwaambia wenzake nani anasema nini. Kila mwanamke anampa sauti yake. Wabaya wote wanaongea kama mwalimu wake wa hesabu. Watu wazima wanaacha kazi kuja kumsikiliza. Ukifumba macho, mwanangu, ni kaka yako amekaa pale."

Nilikata simu bila kuaga, na shangazi si mtu wa kukatiwa simu. Nimeshamuomba radhi, na siku hiyo akanitajia jina la mtoto.

Hata hapo nilijikatalia. Nilisema shangazi amezeeka, anasikia anachotaka. Nikamtafuta Salimu. Mke wake ndiye aliyepokea, nikajitambulisha kwa jina kamili na kumwambia nina swali moja la zamani kwa mume wake na aweke spika kama anataka. Akaweka. Nilimheshimu kwa hilo.

"Salimu, sikuulizi siri ya mtu," nikasema. "Nakuuliza yako. Yule mtoto wa Mkumbara ni wako?"

"Si wangu."

"Kwa nini hukusema siku ile?"

"Niliapishwa nikiwa nimeshika msahafu. Na mwenye jambo aliniahidi kila wiki kwamba atakuambia mwenyewe. Nilisubiri. Nilisubiri mpaka nikasikia umepanda ndege."

"Na wewe ulimwambia nini?"

Akavuta pumzi. "Nilimwambia nikishaoa, mke wangu simfichi kitu. Nilimpa mpaka siku ya harusi. Basi. Zaidi ya hapo usiniulize, Sauda, bado nimeapa."

Sikumuuliza zaidi. Sikuwa na haja.

Kaka, sasa mimi nitakusomea filamu yako, na nikikosea unisahihishe. Kabla hujamuoa wifi ulikuwa na mtu Mkumbara. Mtoto akazaliwa wakati tayari umeshapewa kibanda na mke. Uliogopa mkweo, na nakuelewa, maana angekutoa siku hiyo hiyo na kipaza sauti chake. Hukumtupa mtoto, hilo nalo nimeliona, mfuko ulikwenda kila wiki. Lakini ulimbebesha Salimu. Na Salimu alipokuambia kwamba mke wake atajua, yaani mimi nitajua, hukuja kwangu. Ulinitazama nimekaa mlangoni na karanga zangu, ukajua ni nani ninayemsikiliza kuliko baba na kuliko wewe mwenyewe, ukamtia maneno mdomoni.

Nimejaribu kukupatia sababu nyingine. Nimejaribu usiku na mchana. Nimefikiri labda ulisema Alhamisi kwa bahati tu. Lakini ile sehemu uliionyesha siku mbili mfululizo, kaka. Hukuwahi kurudia sehemu. Watu walilalamika, wakataka mpya, ukasema flashi imegoma. Siku ya kwanza nilikuwa nimekwenda kisimani kuchota maji, sikuisikia. Siku ya pili nilikuwepo.

Simlilii Salimu. Ana watoto watatu na mke anayejua kuweka spika. Ninachokulaumu ni kilichofuata. Hapa Guangzhou kuna mtu wa Singida, fundi wa makontena, mpole, aliyekuja kwangu kwa heshima zote. Alichelewa mara mbili. Nikamuuliza alikuwa wapi, na kabla hajafungua mdomo nilikuwa tayari natazama macho yake yanaelekea wapi. Mara ya pili yalielekea chini, alikuwa anatafuta risiti ya dawa mfukoni. Nilimuacha kwa hilo. Kisha nikaanza kumshuku Mama Fen, kwamba ananitafsiria barua za ofisi vibaya. Kisha msimamizi. Kisha hata Bi Zulfa, masikini, aliyebeba bahasha hii. Nimeishi miaka tisa kwa ushauri wa mwanamke ambaye alisema "umechoka, kaa" na kumuosha mtu miguu.

Yule mtu wa Singida nimemtafuta wiki iliyopita. Nimemwambia kisa chote, hata hiki chako, bila jina. Alisikiliza, akasema atafikiri. Sijui atafikiri nini. Nangoja, na safari hii simhesabii siku.

Sasa la mwisho, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Baba anajua.

Usinikasirikie kabla hujasikia. Nilimpigia Ijumaa baada ya sala, akiwa nyumbani Misima, ametoka shambani asubuhi kuwafukuza tumbili kwenye mahindi. Sikutaka kumwambia. Nilitaka kumsalimia tu, lakini aliniuliza mbona sauti yako imekauka, na mimi sina kipaji chako cha kubadilisha sauti. Nikamwambia yote, kuanzia kisimani mpaka kwa shangazi.

Nikasikia kuku upande wake. Nilidhani atakulaani. Nilikuwa nimejiandaa kukutetea, fikiria, baada ya yote haya nilikuwa na maneno yako tayari mdomoni.

Akauliza jambo moja tu. "Anaitwa nani huyo mtoto?"

Nikamwambia, "Anaitwa Mwantumu, baba."

Jina la mama yetu. Ulimpa wewe, kaka, huyo dada wa Kisambaa hakumjua mama wala kaburi lake. Kumbe mahali ambapo hakuna aliyekuwa anakusikiliza ulisema ukweli.

Baba akasema, "Basi ana kwao." Kisha akaniambia atavuna kwanza mahindi, akimaliza atapanda basi kwenda Mkumbara kumsalimia mjukuu wake. Amesema hatapita Korogwe. Hataki kukuaibisha mbele ya mkweo, na hataki kukukuta umekaa tu, hujafanya lolote.

Mahindi ya mwaka huu amesema yamechelewa. Una wiki tatu, labda nne.

Wifi sijamwambia na sitamwambia. Hilo ni lako. Mwambie nyumbani, kwa sauti yako mwenyewe, na umwambie kabla ya mtu mwingine, maana mimi najua inavyokuwa kusikia jambo lako kutoka kwa mtu asiye wako.

Nisalimie wifi kwa moyo wote, mwambie zile sandali zake namba imepatikana, Bi Zulfa anazo. Wasalimie watoto wako wawili wa hapo, wadogo zake Mwantumu, hata kama hawajajua hivyo. Mkweo mpe heshima zangu. Shangazi Mwanahija nitamsalimia mwenyewe. Salimu ukikutana naye, usimpe salamu yangu, mpe yako, unayo ya kutosha.

Na ukifika Mkumbara, ukikuta mtoto amekaa mbele ya televisheni anawasemea watu, usimkatishe. Subiri amalize. Halafu usimwambie kwamba dada yako wa China amekutuma, wala babu anakuja. Mwambie umekuja mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako, nisiyejua bado kama nimekusamehe,

Sauda